Jenereta ya koridoni, waya wa plagi mbili na kichwa kinachouma

"Nina duka dogo hapa Arua, mbele ya nyumba tunamoishi. Ninauza samaki wa Panyimur, kule Ziwa Albert, waliogandishwa na soda baridi. Umeme hukatika usiku mara kwa mara, kwa hiyo nimenunua jenereta ya petroli iliyoandikwa 2.5 kW. Nikiiacha nje wezi wataibeba, basi nimeiweka kwenye korido ya nyuma, mlango wa uani nauacha wazi na feni inasukuma moshi nje. Tumeiwasha usiku mara mbili kwa ajili ya friza tu, na mara zote mbili mke wangu aliamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu. Tunadhani ni malaria. Sasa jirani amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, anasema nikiuchomeka kwenye soketi yoyote nyumba nzima itawaka. Je, mpango huu uko sawa? Nichimbie chuma cha athi, kile cha kuiunganisha jenereta na ardhi? Na je, itaweza kubeba friza, friji, televisheni, taa, pasi na birika la umeme?"

Ndugu yangu, maswali yako nitayajibu yote, lakini naanza na lile ulilolitaja kwa kupita, nalo ni kichwa cha shemeji. Kuanzia leo jenereta hiyo isiwashwe tena ndani ya korido, hata kwa dakika kumi, hata milango yote ikiwa wazi. Shemeji apelekwe kituo cha afya apimwe malaria, kwa sababu malaria ipo na haifai kupuuzwa, lakini mhudumu aambiwe waziwazi kwamba jenereta ilikuwa ikinguruma ndani ya nyumba usiku ule, maana asipoambiwa hana namna ya kukisia.

Sumu ninayoihofia inaitwa kaboni monoksidi, na dalili zake za mwanzo hufanana mno na za malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuwa mzito. Zipo tofauti chache za kuangalia. Sumu hii kwa kawaida haileti homa, mara nyingi huwapata wengi waliolala ndani kwa wakati mmoja, hupungua mtu akikaa nje kwa muda na hurudi jenereta ikiwashwa tena. Jikumbushe kama wewe mwenyewe na watoto mliamka wazito asubuhi hizo mbili. Kama shemeji ni mjamzito, aende leo leo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi kuliko mama. Jueni pia kwamba kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutenganisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba gesi hii, kwa hiyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 na mgonjwa akawa taabani. Kipimo cha kweli ni cha damu, na hicho nacho kina wakati wake, maana mtu akipumua hewa safi nusu ya gesi hutoka mwilini katika saa nne hadi tano hivi, na kesho yake majibu yanaweza kuwa safi ingawa jana alikuwa hatarini. Tiba ni oksijeni ya barakoa. Usiku wowote ambao mtu atapoteza fahamu, atachanganyikiwa au ataumwa kifua, watoeni watu wote nje kwanza, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke.

Watu wengi huogopa moshi, na wasipouona hutulia. Hapo ndipo wanapokosea. Moshi unaouona na kuunusa ni masizi na mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na injini inayounguruma vizuri bila moshi hata kidogo bado huitoa. Hutokea pale kitu chenye kaboni kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na ndiyo maana sote tumelelewa tukiambiwa tusilale na sigiri yenye makaa chumbani: gesi ni ile ile. Injini ndogo ya jenereta, yenye kabureta ya kawaida na isiyo na kichujio kama kilichomo kwenye bomba la moshi la magari mapya, hutoa gesi hii kwa wingi kuliko gari kama hilo. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu imejaa mgeni na oksijeni haina pa kukaa. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Usingizi wake huzidi kuwa mzito tu.

Feni uliyoiweka haikusaidii, na nitakueleza kwa nini, maana najua utamwambia mtu mwingine. Feni ya mezani huvuruga hewa zaidi kuliko inavyoiondoa. Sehemu inatoka mlangoni, sehemu inazunguka na kurudi, na kila mlango wa chumba unapofunguliwa hewa ya korido huvutwa ndani. Gesi hii ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, haizami sakafuni wala haikimbilii darini, bali huchanganyika na kwenda kila hewa inakokwenda: chini ya milango, juu ya kuta zisizofika paa, kwenye matundu ya bati. Kufungua madirisha ni jambo jema kwa joto la nyumba, lakini si kinga dhidi ya jenereta.

Mahali pake ni nje kabisa, angalau mita sita kutoka mlango wowote, dirisha lolote na tundu lolote la hewa, huku bomba la moshi likielekezwa mbali na nyumba. Hicho ndicho kipimo kinachotolewa na mamlaka za afya za Marekani, ambao huyaona maafa haya kila kimbunga kinapoangusha nguzo za umeme, nami sioni sababu ya kukipunguza. Unapopima mita hizo sita hesabu pia dirisha la jirani. Viwanja vyetu vimebanana, na si haki kuokoa samaki wako kwa kuwalisha sumu watoto wa mwenzako.

Wezi ni hoja ya kweli, wala sitaki kuidharau, kwa sababu ndiyo inayowasukuma watu wengi kuingiza mashine ndani. Jibu lake ni la welda. Mwaga zege dogo lililoinuka juu ya ardhi ili maji ya mvua yasituame, simika nguzo nne za chuma, weka paa la bati lililo juu ya kichwa cha mtu, kisha zungushia pande zote nondo au wavu mzito wa chuma wenye mlango wa kufuli. Ndani ya zege zamisha pete ya chuma, na mnyororo upite kwenye pete hiyo na kwenye fremu ya jenereta. Acha nafasi ya mita moja hivi kila upande kati ya mashine na wavu, kwa sababu injini hupozwa na hewa na ikikosa hewa huungua. Jambo moja usikubali kwa fundi wala kwa shemeji: kuzungushia kibanda hicho mabati ili kupunguza kelele. Ukishafanya hivyo umejenga chumba kingine. Kelele, kwa upande wake, ina faida yake, maana mwizi hawezi kubeba jenereta inayonguruma bila kuizima kwanza, na ukimya huo wa ghafla unaweza kukuamsha.

Kama kiwanja chako hakina mita hizo sita, nakuambia bila kuzunguka kwamba jenereta ya petroli haifai mahali hapo wakati watu wamelala. Lakini hata kama nafasi ipo, nina shaka kama unaihitaji usiku. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24 hivi. Katika chumba chenye joto punguza hesabu hiyo, na kama friza yako ni kuukuu au mpira wa mlango umelegea punguza tena, lakini bado usiku mmoja wa giza hauwezi kuwaharibu samaki walioganda sawasawa. Kinachowaharibu ni kufungua fungua ili kuona kama wameharibika. Nunua kipimajoto kidogo cha friza, hakikisha samaki wamefika nyuzi 18 chini ya sifuri kabla ya jioni, na nafasi tupu zijazwe chupa za plastiki zenye maji, kila moja ikiachiwa nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Umeme ukikatika usiku, lala. Asubuhi, watu wakiwa macho na milango ikiwa wazi kwa shughuli, washa jenereta saa mbili au tatu mpaka kipimajoto kirudi mahali pake. Friji ya kawaida hushikilia baridi kwa saa nne tu bila kufunguliwa, ila soda haiozi. Maziwa na mabaki ya chakula ndiyo ya kuangaliwa.

Sasa waya wa jirani. Naomba uukate vipande leo ili asije mtoto akauokota. Plagi yenye miguu mitatu ya shaba imetengenezwa iwe upande unaopokea umeme, kamwe si upande unaotoa. Ukichomeka ncha moja kwenye jenereta inayozunguka, miguu ya ncha ya pili iko wazi mkononi mwako ikiwa na volti 240, na anayeigusa kwa mkono wenye jasho akiwa peku anaweza kufa palepale.

Hatari ya pili iko mbali na nyumba yako. Transfoma ya mtaani hushusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 za laini kubwa hadi 240 za nyumbani, lakini chombo hicho hakichagui upande. Ukikisukumia volti 240 kutoka chini hupandisha juu kwa uwiano ule ule. Watu huniambia kwamba jenereta ndogo haiwezi kufanya hivyo kwa kuwa mzigo wa mtaa mzima utaizima mara moja, na mara nyingi ni kweli, huzimika. Lakini laini ikiwa imekatika karibu na kwako, au majirani wakiwa wamezima swichi zao, au fundi akiwa amezitenganisha nyaya ili kutengeneza, mtaa mzima haupo tena kwenye hesabu. Uko wewe, transfoma, na mtu aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya alioushika umekufa.

Jirani atasema, nami namwelewa, kwamba inatosha kuzima swichi kuu kabla ya kuchomeka. Hilo ni kweli siku ambazo unakumbuka. Maisha ya mtu aliye juu ya nguzo hayapaswi kutegemea kumbukumbu yako saa nane za usiku ukiwa na tochi mdomoni, wala kumbukumbu ya kijana wa dukani ambaye jana hakuwepo ulipoeleza. Ukisahau, na umeme wa gridi, yaani ule wa nguzo za mtaani, ukarudi wakati jenereta ingali inazunguka, vyanzo viwili visivyolingana hugongana, na kinachoungua kwa kawaida ni koili za jenereta. Wakati mwingine ni soketi na ukuta wake.

Njia halali ziko mbili. Ya kwanza ni rahisi na kwa duka lako naiona inatosha: chomeka friza moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mrefu wa nje wenye nyuzi tatu ndani, yaani moto unaoleta umeme, nyutro unaourudisha, na athi, wenye unene wa milimita 2.5 za mraba. Usitumie ekstenshoni nyembamba za televisheni kwa umbali wa mita kumi na tano au ishirini. Volti hushuka njiani, mota ya friza hushindwa kuanza, waya hupata moto. Kama waya umezungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote hata kama hauhitaji urefu wake, kwa sababu uliozungushwa hujipasha wenyewe. Upitishe mahali ambapo mlango hautaubana na pikipiki haitaukanyaga.

Njia ya pili ni swichi ya chenjiova, nayo ndiyo inayokupa taa na soketi za nyumba nzima. Ni swichi yenye nafasi tatu: gridi, sifuri, jenereta. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna wa kukumbuka wala wa kusahau. Ya kwako ikate nyaya zote mbili, moto na nyutro, si moto peke yake. Ukutani kwa nje huwekwa kiunganishi cha kuingizia umeme ambacho miguu yake imefichwa ndani ya kikombe, ili kidole kisiweze kuigusa. Kazi hii si ya jirani wala si yako. Ni ya fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme ya Uganda, ambayo hutoa vibali vya madaraja mbalimbali kwa mafundi wa kufunga nyaya majumbani.

Kuhusu chuma cha athi nitakuwa makini, kwa sababu wauzaji wengi hujibu "ndiyo" au "hapana" kwa haraka. Katika jenereta nyingi ndogo, koili zinazotoa umeme hazikuunganishwa na fremu wala na ardhi. Ukichomeka vifaa moja kwa moja kwa nyaya nzima zisizochubuka, chuma kilichochimbiwa ardhini huongeza kidogo sana, na kinachokulinda zaidi ni ubora wa waya na ukavu wa mahali. Kitabu cha mashine kikiagiza kuichimbia, ichimbie. Ukiiunganisha na nyumba kupitia chenjiova habari hubadilika, kwa sababu kile kikata umeme kinachojifyatua umeme unapovuja hakiwezi kufanya kazi yake ipasavyo kama nyutro ya jenereta haijaunganishwa na athi mahali pamoja panapostahili. Mahali hapo ni pa fundi kuamua baada ya kuiona mashine yako na boksi lako la fyuzi. Mimi siwezi kukuamulia nikiwa mbali, na anayekuamulia bila kuona usimlipe.

Tuje kwenye mzigo. Ile 2.5 kW ya kwenye kibandiko, yaani wati 2,500, ilipimwa mahali pa chini karibu na usawa wa bahari, nawe uko Arua, mita 1,200 hivi juu yake. Hewa ya juu ni nyepesi, injini hupata oksijeni pungufu kila inapovuta, na hesabu inayotolewa na watengenezaji ni kupoteza asilimia 3.5 hivi ya nguvu kwa kila mita 300. Kwako hiyo ni asilimia 14, na unabaki na wati 2,150. Mtu wa Kabale, mji ulio juu zaidi milimani, hupoteza zaidi. Tena mashine haifai kukamuliwa mpaka mwisho kwa saa nyingi. Robo tatu ya nguvu yake ni kiasi cha heshima, kama wati 1,600. Friza na friji zikishazunguka hazili mengi, huenda wati 150 hadi 200 kila moja, lakini kwa nukta ya kuanza mota huhitaji mara kadhaa ya hizo, na ndiyo maana taa hufifia kidogo friza inapoamka. Kwa hiyo friza, friji, televisheni na taa za LED zitakaa vizuri. Pasi ya wati 1,000 unaweza kuitumia ukiwa umechomoa friza. Birika la wati 2,000 lisahau. Maji ya chai yachemshwe kwenye sigiri, nayo nje.

Taratibu za kuwasha hazina mengi. Jenereta mpya huuzwa bila oili ndani, na kuna waliozivuta kamba siku ya kwanza wakaziua. Iweke mahali tambarare, pima oili kwa kijiti chake, funga choki, ile swichi ndogo ya kupunguza hewa, injini ikiwa baridi, ivute, ifungue choki taratibu, iache izunguke dakika chache bila mzigo, ndipo uchomeke friza kwanza na vidogo baadaye. Oili ya mwanzo imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100, au kama kitabu chako kinavyosema.

Petroli inahitaji maneno zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji usiyoyaona mpaka ukutane na moto, na moto huo unaweza kuwa sigiri iliyo hatua kadhaa mbali au tadooba, taa ya mafuta ya taa, ya jikoni. Usiongeze mafuta mashine ikiwa inazunguka, wala mara tu ilipozimwa, kwa sababu bomba lake la moshi hubaki na joto la kuwasha tone lililomwagika. Subiri dakika 15, au zaidi kama ilibeba mzigo mkubwa. Usijaze tangi hadi mdomoni. Jerikeni ya akiba ikae kivulini, nje ya nyumba na nje ya duka, mbali na kibanda cha jenereta chenyewe. Najua jerikeni nazo huibiwa, basi nunua ya siku mbili tatu, si ya mwezi. Petroli iliyokaa muda mrefu huziba kabureta vilevile.

Kwa taa, simu na televisheni za usiku, fikiria betri yenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inayochajiwa na gridi au na paneli ya jua. Bei ya mwanzo itakuuma, lakini haitoi gesi, haina kelele na inaweza kukaa chumbani. Friza pia inaweza kubebwa na betri kubwa ya kutosha, ila hapo gharama hupanda haraka, na kwa duka la ukubwa wako naona jenereta ya mchana pamoja na betri ndogo ya usiku ndio mgawanyo wa busara. Ukipata king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, kiweke chumba cha kulala hata baada ya jenereta kuhamia nje. Hakikisha kimeandikwa gesi hiyo, kwa sababu king'ora cha moshi hakiitambui.

Mpangilio wa fedha zako ningeufanya hivi: kwanza kibanda cha welda na waya mzuri wa friza, kwa sababu hivyo viwili vinakuwezesha kufanya kazi wiki hii bila kumuumiza mtu. Chenjiova ingoje mpaka uwe na uwezo wa kumlipa fundi anayestahili. Akija, mwombe akuonyeshe kibali chake kabla hajafungua boksi la fyuzi, na akimaliza azungushe swichi mbele yako, jenereta ikiwa inazunguka, akuthibitishie kwa kipimo kwamba umeme wa jenereta hauvuki hata kidogo kwenda upande wa gridi.